Mzigo Wangu Mwenyewe

Upepo haukunisukuma. Uliniondoa,
kama mtu aondoavyo kikombe mezani
kabla ya kufuta.
Kilomita arobaini kusini ya Bajo Caracoles,
changarawe tupu, za mviringo, legevu,
kama meno yote niliyowahi kuyang'oa
yamekuja kunidai.

Maana mimi ni daktari wa meno, wa Rosario,
miaka hamsini na sita, goti la kushoto la chuma,
na pikipiki hii niliinunua kwa aliyeshindwa kuilipia:
tangi la lita thelathini, masanduku mawili ya bati ubavuni,
kiti kirefu hata habari za ardhi
naletewa na ncha za vidole vya miguu.
Dada yangu Fermina aliizunguka uani, akasema,
aliye juu, mngoje chini.
Basi niko chini, Fermina. Hukungoja sana.

Imelala kama ng'ombe aliyegoma.
Gurudumu la mbele lazunguka taratibu, halina habari.
Petroli yatoka tone, tone.
Nilifundishwa: ipe mgongo, chuchumaa,
shika usukani, sukuma kwa miguu.
Nikachuchumaa. Nikasukuma.
Goti likaniambia neno lisiloandikika.
Pikipiki ikanyanyuka kiasi cha unywele,
ikarudi kulala.

Nikaanza kuipunguza.
Hema. Godoro la kupuliza. Jiko la gesi na mitungi yake.
Lita sita za maji. Pampu. Viatu vya kutokea jioni
(jioni ipi?).
Kikaango cha chuma, kilo mbili unusu.
Koleo langu la magego, ambalo hakuna jino
lililoniomba nilibebe mpaka huku.
Kila nilichokitua, upepo ulikipekua kwanza.
Soksi moja ikaelekea Atlantiki bila kuaga.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, sawa;
huu ulikuwa wangu, wote,
na niliufunga mwenyewe sebuleni, nikipiga mluzi.

Akatokea Anselmo Nahuelquir juu ya farasi wa kijivu,
mbwa wawili nyuma, bereti imeshushwa hadi kwenye nyusi.
Hakushuka. Alitazama kwa muda wa kusokota sigara
ambayo upepo haukuruhusu iwashwe.
"Inakula nini?"
"Petroli. Lita tano kwa kilomita mia."
"Na ikianguka, haiamki?"
"Haiamki."
Akampapasa farasi shingoni,
kama anamwomba radhi kwa kulinganishwa.

Tulikubaliana kuinua kwenye tatu.
Yeye aliinua kwenye mbili.
Ikasimama, kioo kimoja kimepasuka,
mkono wa klachi umepinda kama swali.

Alinionyesha korongo ambamo upepo hupita juu kwa juu.
Hema nililifunga kwa mawe, vigingi havikufaa kitu.
Guanako wanne walisimama kilimani
wakinitazama kama majirani wanavyotazama
mpangaji mpya akishusha vitanda.
Tulikunywa mate, zamu kwa zamu,
na kila bomba lilipofika kwake alilipeleka kushoto.
"Fungua," nikamwambia, nikamwashia taa ya pikipiki.
Gego la chini, kulia. Limeoza hadi kwenye mizizi.
"Koleo ninalo. Ganzi sina."
Akafunga mdomo.
"Liache. Ndilo huniambia theluji inakuja lini."
Badala yake alichukua kikaango.
Nyumbani, alisema, anavyo vitatu.

Usiku nilitoka mara mbili kuitazama
kama bado imesimama. Nililiwekea stendi jiwe bapa,
nikaliongezea jingine, nikarudi kulala na buti.

Asubuhi kila kitu kilikataa nafasi yake ya jana.
Nikafunga hivyo hivyo, nikapanda kutokea juu ya jiwe,
nikapita mwendo wa mtu anayebeba supu.
Na koleo, kwa kuwa limeachiwa nafasi,
liligonga bati njia nzima hadi Tres Lagos,
kama mgonjwa anayebisha hodi
baada ya saa za kazi.